Rafadha na Pazia: Kupiga Picha Ndege za Kivita za Zamani Zikiruka, na Kuchagua Kamera za Kale

Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, iliyopigwa picha angani huku mapanga ya rafadha yameganda kabisa huonekana kama imezimika injini, hata kama kila ribiti ya bawa inahesabika. Kosa liko kwenye kasi ya shata, kile kizuizi cha kamera kinachofunguka na kufungwa ili kuingiza mwanga. Na anayekusanya kamera za kale naye mara nyingi hukwama kwenye shata hiyohiyo: pazia limetoboka, springi imechoka, mafuta yameganda. Ndiyo maana mambo haya mawili tunayafundisha pamoja. Ukishaielewa shata, utajua kwa nini picha ya ndege ilikufa, na utajua pia kama kamera iliyo mezani kwa muuzaji ni mzima au mgonjwa.

Hesabu ya rafadha

Spitfire Mk IX hutumia injini ya Merlin. Kati ya injini na rafadha kuna gia inayopunguza mizunguko hadi 0.477 ya mizunguko ya injini. Tuseme injini inazunguka mara 2,200 kwa dakika. Rafadha itazunguka mara 1,050 hivi, yaani mara 17.5 kila sekunde. Kwa shata ya 1/1000 ya sekunde, panga linasogea nyuzi 6 tu, na jicho linaliona limesimama. Kwa 1/500 linasogea nyuzi 13, kwa 1/250 nyuzi 25, kwa 1/125 nyuzi 50. Mk IX ina mapanga manne yaliyoachana kwa nyuzi 90, kwa hiyo ukishuka hadi 1/60 kila panga linapita mahali alipoanzia mwenzake na unapata duara kamili.

Harvard, ndege ya mafunzo ambayo Wamarekani huiita T-6 Texan, ni habari nyingine. Injini yake ya Pratt & Whitney R-1340 huzungusha rafadha moja kwa moja bila gia. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000, rafadha nayo iko 2,000, sawa na 33 kwa sekunde. Hapo 1/250 inakupa nyuzi 48, karibu sawa na Spitfire kwa 1/125. Ndiyo maana anayeanza afadhali ajifunzie kwa Harvard: anapata mwendo mzuri wa rafadha kwa kasi ya shata ambayo mkono wake unaiweza. B-17 Flying Fortress, ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, inakaribia Spitfire, kwa kuwa injini zake zina gia ya 16:9 na mapanga ni matatu, lakini ni kubwa na haina haraka, hivyo 1/125 inawezekana mapema zaidi kuliko kwa ndege ndogo.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Pita za kwanza za ndege piga kwa 1/320 ili uwe na picha za akiba. Ukishazipata, shuka hadi 1/250, kisha 1/160, kisha 1/125. Usianze na 1/60. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa husogea karibu sentimita 90 katika 1/125 ya sekunde, na mwendo huo wote lazima uufute kwa kuigeuza kamera sawasawa na ndege. Ndege za jeti za zamani kama Vampire na MiG-15 hazina rafadha. Hizo zipige kwa 1/1000 au zaidi wala usijitese.

Jambo moja huharibu picha za watu wengi wenye kamera mpya: shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti. Kihisi cha kamera nyingi husomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na wakati kinasomwa rafadha haisubiri. Mapanga hutoka yamepinda kama ndizi, na mengine huonekana yamekatika yakielea peke yake. Hakuna programu ya kuyanyoosha baadaye. Ingia kwenye menyu, chagua shata ya mekanika, na uhakikishe haikuachwa kwenye chaguo la kujibadilisha yenyewe.

Kuifuata ndege

Simama ukielekeza miguu mahali ambapo ndege itakuwa karibu nawe zaidi, miguu ikiachana upana wa mabega. Halafu geuza kiuno tu kuelekea inakotokea. Wengi hufanya kinyume: hujipanga vizuri wakati ndege ingali mbali, na inapofika mbele yao kiuno kimeshabana, mwendo unakatika hapohapo palipo na picha. Viwiko vibane mbavuni, mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, karibu na mwisho wake.

Iweke ndege kwenye kioo cha kutazamia mapema, sekunde tatu au nne kabla ya kupiga. Fokasi iwe ya kuendelea, na utumie kikundi kidogo cha nukta za katikati badala ya kuiachia kamera anga nzima. Ndege yenye rangi za kujificha chini ya wingu la kijivu huipa kamera shida ya kushika fokasi. Ilenge kwenye alama za duara za ubavuni au kwenye kioo cha rubani, hapo ndipo penye rangi zinazotofautiana. Lenzi yenye kizuia mtikisiko iweke kwenye hali ya kufuatilia, ambayo kwa lenzi nyingi ni namba 2, ili isipigane na mwendo wako wa kwenda kando. Piga picha tatu hadi tano kwa mkupuo, na usisimamishe kiuno baada ya kuachia kidole.

Usishangae pua ikiwa kali na mkia ukiwa na ukungu. Ndege inapopita karibu, pua na mkia haviko kwenye pembe moja na wewe, na kila kimoja kinageuka kwa kasi yake machoni pako. Kiuno kinaweza kufuata kimoja tu. Kwa shata ya taratibu hili halikwepeki kabisa, kwa hiyo fuata kichwa cha rubani. Mtazamaji husamehe mkia. Kichwa chenye ukungu hasamehe. Kubali pia kwamba kwa 1/125 picha nyingi zitakuwa za kutupa. Njoo na kadi za kutosha.

Urefu wa lenzi haukisiwi

Chukua ukubwa unaotaka ndege iwe nao kwenye kihisi, gawanya kwa urefu halisi wa ndege, zidisha kwa umbali. Kihisi cha fremu nzima kina upana wa milimita 36, na ndege inayojaza milimita 25 kati ya hizo ina nafasi ya kutosha mbele ya pua. Spitfire Mk I ina urefu wa mita 9.12. Ikiwa umbali ni mita 150, unahitaji lenzi ya milimita 410 hivi. Ikiwa umbali ni mita 230, unahitaji 630. B-17, yenye urefu wa mita 22.66, kwa mita 150 inatosheka na milimita 165. Ndiyo sababu lenzi inayovuta kutoka 100 hadi 400 hushinda lenzi ndefu isiyobadilika katika siku yenye ndege za kila aina. Kihisi kidogo cha APS-C huifanya 400 ifanye kazi ya 600.

Uingereza, tangu ajali ya Shoreham ya tarehe 22 Agosti 2015 ambapo Hawker Hunter ilianguka barabarani na kuua watu 11, masharti ya maonyesho ya ndege yalikazwa, na ndege zikasogezwa mbali zaidi na watazamaji. Picha za miaka ya nyuma zilizopigwa kwa lenzi ya 300 zisikudanganye kuhusu lenzi utakayohitaji leo.

Jua, wingu na joto

Kamera ikiona anga jeupe hudhani kuna mwanga kupita kiasi na kuifanya ndege kuwa kivuli cheusi. Chini ya wingu jeupe ongeza mwanga kwa stopu 1 (yaani mara mbili), wakati mwingine 1⅓. Anga ikiwa ya bluu na jua liko mgongoni mwako, sifuri au ⅓ inatosha. Njia tunayoiamini zaidi ni kuweka kila kitu kwa mkono: pima majani ya uwanjani yaliyopigwa na jua lilelile linaloipiga ndege, weka kipimo hicho, na usikiguse hadi jua libadilike. Ndege ikitoka kwenye anga ya bluu ikaingia mbele ya wingu, mwanga unaoiangukia haukubadilika, kwa hiyo kipimo chako bado ni sahihi.

Jua kali lina mtego wake. Kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kihisi kupokea mwanga) na shata ya 1/125, tundu la lenzi linabanwa hadi f/16, dogo sana. Hapo ukali wa picha huanza kupungua, na kila punje ya vumbi iliyoganda kwenye kihisi hujitokeza kama doa juu ya anga. Funga chujio la kijivu la stopu 2, urudi f/8. Safisha kihisi siku moja kabla.

Mchana wa joto, hewa juu ya lami hutetemeka, na lenzi ndefu hukuza mtetemo huo. Picha hutoka laini, na watu huilaumu lenzi bure. Ndege iliyo juu angani huathirika kidogo. Iliyo chini ikipita mbali juu ya lami huathirika vibaya. Saa hizo piga za juu, na za chini uziachie asubuhi au jioni.

Kuhusu mahali pa kusimama, kwenye uwanja wa Duxford, Uingereza, watazamaji huwa kaskazini mwa njia ya kurukia wakitazama kusini, hivyo kwa sehemu kubwa ya mchana jua liko mbele yao. Kadiri alasiri inavyosogea, jua huhamia kulia na kuanza kuangaza ubavu wa ndege. Nguvu zako ziweke kwa saa hizo. Old Warden, uwanja mwingine wa Uingereza, nyumbani kwa mkusanyiko wa ndege za kale wa Shuttleworth, mstari wa watazamaji una kona, na marubani huizunguka ndege ikiwa imeinama, migongo ya mabawa ikiwaelekea watu. Pita ya namna hiyo inaonyesha umbo zima la bawa la Spitfire, na kwetu ina thamani kuliko pita kumi za ubavu mtupu. Popote ulipo, angalia upepo pia: ndege huruka na kutua zikiuelekea, kwa hiyo upepo utakuambia ni upande upi wa njia utakuwa na magurudumu yakikunjwa.

Kamera za kale zilizopanda ndege

Mkusanyaji anayependa ndege hizi atavutwa kwanza na kamera zilizokuwa ndani yake. Jeshi la anga la Uingereza lilitegemea F24, yenye picha za inchi 5 kwa 5. Wamarekani walikuwa na Fairchild K-20 ya kushikwa kwa mkono, ya inchi 4 kwa 5. Ndiyo aliyoitumia George Caron, mpiga bunduki wa mkiani wa Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la atomiki, kupiga wingu la Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1940 jeshi la anga la Uswidi lilimpa Victor Hasselblad kazi ya kutengeneza kamera ya kufanana na moja ya Kijerumani iliyokuwa mikononi mwao, ikazaliwa HK-7, na mwaka 1948 Hasselblad ya kwanza ya raia, 1600F.

Kabla ya kununua yoyote kati ya hizi, jiulize kama unataka kuiweka kabatini au kuitumia. F24 na K-20 hula filamu pana ya roli ambayo haiuzwi madukani kama zile za saizi za 35mm na 120. Robot za Ujerumani, zilizochongwa maneno Luftwaffen-Eigentum (mali ya Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani), ndizo rafiki zaidi: filamu yake ni 35mm, picha ni mraba wa milimita 24, na springi ya kuvingirisha husogeza filamu yenyewe. Ila Robot za awali hutumia kaseti zake maalumu. Ikiuzwa bila kaseti, bei yake iwe ya pambo.

Leica za "Luftwaffe" zinataka macho makali kuliko zote. Nyingi zinazouzwa, hasa za rangi ya dhahabu zenye tai na misalaba, ni FED na Zorki za Kisovieti zilizochongwa upya. Fungua lenzi na uchungulie juu ndani ya mdomo wa kamera, kwenye mkono unaoguswa na lenzi ili kupima umbali. Leica ina kigurudumu kidogo kinachozunguka. FED na Zorki zina kipande cha chuma chenye ncha iliyoviringwa, kisichozunguka. Muuzaji akikataa kufungua lenzi, jibu umelipata.

Lenzi ya Kodak Aero-Ektar ya milimita 178, f/2.5, iliyokuwa kwenye kamera za angani za Marekani, hutafutwa sana. Kioo chake kimojawapo kina thori, ni cha mionzi, na miaka imekigeuza rangi ya chai. Mwanga wa urujuanimno huirudisha weupe wake. Iache chini ya taa ya namna hiyo kwa siku kadhaa, ukiangalia rangi kila siku. Ukitumia jua la dirishani, ziba upande mmoja kwa karatasi ya alumini, la sivyo lenzi itakusanya jua na kuchoma meza. Usiisugue wala kuikwangua, na usiihifadhi karibu na kitanda.

Kuikagua kamera mezani kwa muuzaji

Nenda na tochi ndogo na simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Kwanza vuta filamu (yaani zungusha kitufe cha kuisogeza, ambacho pia hukaza shata), ndipo uchague kasi. Mpangilio huu ni lazima kwa Leica za skrubu, FED na Zorki. Kwenye Zorki zenye kasi za taratibu, kugeuza kasi kabla ya kuvuta kunaweza kuvunja gia. Kwa Compur-Rapid, shata ya vipande vya chuma iliyo ndani ya lenzi, ni kinyume: 1/500 ichaguliwe kabla ya kuvuta, kwa sababu kuna springi ya ziada inayoingia kazini. Kitufe cha kujipiga mwenyewe usikiguse kabisa kwenye kamera ya kale. Mara nyingi hukwama katikati na kuifunga shata nzima.

Fungua mgongo wa kamera, ielekeze kwenye mwanga, rekodi ukiwa nyuma yake, kisha hesabu fremu zenye mwanga. Sekunde 1 iwe fremu 240, nusu sekunde 120, 1/15 iwe 16, 1/30 iwe 8. Sekunde 1 ikifika fremu 300, mafuta yamekauka na inahitaji kusafishwa na fundi. Ikiganda kabisa, toa gharama hiyo kwenye bei. Kasi za juu simu haiziwezi. Hizo zipime kwa filamu: piga anga tupu kwa 1/500 na 1/1000. Upande mmoja ukitoka tofauti na mwingine, mapazia mawili hayaendi pamoja, na kamera hiyo haikufai kwa ndege, maana anga ndiyo itakayojaza picha zako.

Mapazia ya kitambaa hutoboka, hasa kamera ikiachwa juani ikiwa imeelekea jua bila kifuniko. Gizani, weka tochi upande wa lenzi na utazame nyuma. Nuru ya punje ndogo ni tundu. Mivukuto ya kamera za kukunja ikague hivyohivyo, pembeni zinapokunjana ndipo zinapopasuka. Sponji za kuzuia mwanga kwenye kamera za miaka ya 1960 hadi 1980 huwa zimegeuka ugoro unaonata. Hilo si la kuogopa, hubadilishwa nyumbani.

Kwenye lenzi, pitisha tochi kutoka nyuma. Kuvu huonekana kama nyuzi za utando. Ikishauma kioo, alama haitoki hata ikisafishwa. Mikwaruzo miwili ya mbele haidhuru picha. Ukungu sawasawa wa ndani unadhuru sana kuliko unavyoonekana, hasa dhidi ya anga.

Betri: kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezewa betri ya zebaki PX625 ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, kipimo cha mwanga kitakudanganya. Betri za hewa na zinki za namba 675, zile za vifaa vya masikio, zina volti 1.4 na hufaa, ingawa hazidumu. Na filamu: kamera ya 120 ni salama. Kamera ya 620 inahitaji uihamishie filamu ya 120 kwenye roli nyembamba, gizani.

Kuhifadhi ni rahisi. Unyevu uwe asilimia 40 hadi 50, silika jeli ndani ya sanduku, mifuko ya ngozi iwekwe mbali kwa sababu huvuta unyevu na kuleta kutu ya kijani. Shata iwe haijavutwa, na uipige kwa kasi zote mara moja kwa mwezi.

Kamera ya kale mbele ya ndege ya kale

Pazia la Leica za zamani huchukua takriban 1/30 ya sekunde kupita fremu nzima, hata ukiweka 1/500. Kasi inayoandikwa kwenye kitufe ni upana wa ufa tu, mwendo wa pazia haubadiliki. Katika muda huo rafadha ya Spitfire imezunguka zaidi ya nusu duara, kwa hiyo mapanga yatapinda, na hakuna kasi ya kuyanyoosha. Rolleiflex ina shata ya vipande ndani ya lenzi, inayofunguka kwa fremu nzima mara moja, na mapanga hubaki ya kawaida. Kioo chake cha juu hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo kufuata ndege nacho ni tabu. Kunja sehemu ya mbele ya kofia yake ili utumie dirisha la fremu tupu.

Kwa filamu ya ISO 400 na jua kali, weka 1/250 na f/16. Mwanga utazidi kidogo, na filamu ya negativu huvumilia hilo vizuri. Filamu ya slaidi haivumilii. Lenzi ya milimita 135 kwenye f/11, ikifungwa kwenye alama ya mbali kabisa, ina ukali kuanzia mita 55 hivi, kwa hiyo fokasi isahau na ushughulike na kiuno. Kwa umbali wa mita 150, Spitfire itachukua milimita 8 tu za filamu, lakini B-17 itachukua 20. Kwa hiyo kamera ya kale itumie kwa ndege kubwa, kwa msafara wa ndege kadhaa pamoja, na kwa ndege zinazowasha injini chini, ukiwa nyuma ya kamba. Filamu ibadilishe kivulini, na ufanye hivyo ndege inapotua, si inapopanda.